Auze Ahame, au Akodi Kwanza?

Hoja iliyo mbele ya kikao ni hii: mkulima mwenye ekari mbili Siongiroi auze sehemu yake, avuke mpaka wa kaunti, akaanze maisha upya Trans Mara.

Siongiroi iko Chepalungu, upande wa chini wa Kaunti ya Bomet. Mgeni akisikia Bomet na Kericho huwaza majani chai tu, lakini chai hupenda mvua na baridi ya Konoin na Kericho. Huku chini watu hutegemea mahindi, maharagwe na maziwa. Ukisonga mbele kidogo unaingia Trans Mara, katika Kaunti ya Narok, na ndoto ya kuhamia huko ni ya miaka mingi. Wasemaji wa mjadala huu ni wa kubuni na hawana majina, kwa sababu maneno yao husemwa katika maboma mengi. Ni ndugu wawili, dada yao aliyeolewa Sotik, mke wa yule mdogo, mama yao mjane, na mwalimu mstaafu aliyealikwa kama jirani.

MDOGO: Kaka, nianze na hesabu. Marehemu baba aliacha ekari sita, nasi wana wake tu watatu, pamoja na ndugu yetu asiyekuwapo hapa. Mbili mbili. Mimi nina watoto wanne. Nikiwagawia kama tulivyogawiwa, kila mmoja atapata nusu ekari, na yeye akizaa atagawa nini? Tazama upande wa pili. Katika sensa ya 2019 Bomet ilikuwa na watu 875,689. Narok ilikuwa na watu 1,157,873, lakini eneo lake linazidi letu zaidi ya mara saba. Pesa nitakazopata kwa ekari mbili za hapa zitaninunulia shamba kubwa kuliko hili kule ndani.

MKUBWA: Mdogo wangu, umehesabu na simba. Ndani ya eneo hilo kuna mbuga ya Maasai Mara, kuna msitu wa Mau, kuna nyanda kavu ambako hata mtama unasitasita. Toa hizo zote, kisha utuambie ardhi ya kulima imebaki kiasi gani, na nani anaikalia tayari.

MDOGO: Sawa, toa. Hata ukitoa, hapa ninalima nini? Septemba 2011 ule ugonjwa wa kuoza kwa mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza nchini, na ulionekana hapa hapa Bomet, upande wa Longisa. Tangu hapo kuna msimu unavuna na kuna msimu unavuna majani ya ng'ombe. Nikaenda Kericho kuchuma chai. Mashine zikaja, moja inafanya kazi ya kundi zima la wachumaji. Mei 2023 watu walizichoma moto, damu ikamwagika, na mashine bado zipo. Shamba limekataa, kibarua kimekwisha. Unataka nikae nikingojea nini? Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

MKUBWA: Nawe unajua kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Lakini tuache methali, tuzungumzie huo ugonjwa. Haukusimama mpakani kuonyesha kitambulisho. Mwaka uliofuata ulikuwa umeshaingia Narok. Isitoshe, ni virusi viwili vikikutana, na kimojawapo huishi kwenye miwa. Trans Mara wanapanda miwa, na kiwanda cha sukari kilifunguliwa huko 2011. Ukihama kwa sababu ya mahindi, utayakuta mahindi yale yale na ugonjwa ule ule. Dawa yake wataalamu waliisema zamani: pumzisha mahindi, badilisha na maharagwe na viazi, ng'oa mmea mgonjwa, nunua mbegu safi. Hiyo haihitaji lori la kuhama.

MDOGO: Na kumlisha mtoto je, wakati nimepumzisha mahindi?

MKUBWA: Maziwa. Kiwanda cha kupoza maziwa cha Siongiroi kilipata sifa mpaka nje ya nchi. Shirika la Heifer na wenzake walipoanzisha mradi wa maziwa wa Afrika Mashariki mwaka 2008, hapa palikuwa mahali pa mfano. Mkulima ana hisa, analeta maziwa yake, anachukua chakula cha ng'ombe na huduma ya kupandisha kwa makato ya mwisho wa mwezi. Ekari mbili zenye nepia na ng'ombe watatu wa gredi si umaskini.

MKE: Shemeji, nipe nafasi. Mimi ndiye ninayeamka saa kumi na moja kukamua. Ng'ombe wa gredi anakula kama mwanafunzi wa bweni, na kiangazi kikikaza nepia inakauka, tunanunua nyasi. Bei ya maziwa hupanda na kushuka bila kutuuliza. Sikatai kwamba maziwa yametusomeshea watoto. Ninakataa maziwa kugeuzwa jibu la kila swali. Baba watoto hajavivaa viatu vyako, wala wewe hujavivaa vyake.

MAMA: Wanangu, mnasema sana juu ya kwao na kwenu. Babu yenu, mzazi wa marehemu, hakuzaliwa hapa. Alitoka upande wa Kericho akiwa kijana, baada ya Wazungu kuichukua ile ardhi ya juu wakapanda chai, na Sotik wakapewa walowezi wengine. Chepalungu wakati huo ilikuwa vichaka na mbung'o. Ng'ombe walikufa. Walikata miti, wakafyeka, wakaanza na mtama na wimbi. Leo mnaiita ardhi ya mababu, na mimi nafurahi mkiiita hivyo, lakini jueni babu mwenyewe alikuwa mhamiaji. Usimcheke ndugu yako kwa kutaka kufanya alichofanya babu yako.

MKUBWA: Simcheki, mama. Ila babu alihama na kokwet nzima, majirani kwa majirani. Huyu anahama na broka.

MDOGO: Broka ni mtu kama watu wengine.

MWALIMU: Ni mtu, ndiyo, ila hatakuwa jirani yako. Akishalipwa anaenda zake. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Kwanza nimpe kijana haki yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Kifungu cha 40 kinampa haki ya kununua na kumiliki mali katika sehemu yoyote ya nchi. Kaunti si nchi nyingine. Hakuna gavana, chifu wala mzee anayeweza kumwambia Mkenya kwamba eneo fulani si lake kuishi. Hilo lisijadiliwe tena hapa.

MKUBWA: Mwalimu, karatasi ya Katiba ni nzuri, lakini usiku wa vurugu hakuna anayeisoma. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100 na zaidi ya 600,000 walitoka makwao, wengi wakiwa watu walionunua mashamba kwa pesa zao. Sisi Kipsigis tulikuwa pande zote mbili za balaa hilo, tuliofukuza na tuliofukuzwa. Na Aprili 2025, kule Angata Barrikoi, Trans Mara, watu walipinga upimaji wa ardhi, na risasi zikaua. Huko ndiko ndugu yangu anakotaka kupeleka wanawe?

MDOGO: Kaka, ukihesabu vita, hakuna kaunti utakayokaa. Maelfu ya watu wetu wamekaa Trans Mara kwa vizazi. Emurua Dikirr ina mbunge wake, masoko yake, shule zake. Wameoana na Wamaasai, wanauziana ng'ombe. Siku moja ya risasi husikika redio nzima, na miaka ya amani haisikiki.

MWALIMU: Wote wawili mmesema kweli, lakini kuna mtu hamjamtaja. Mmaasai anayeuza au anayekataa kuuza ana historia yake. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Waingereza waliwahamisha Wamaasai, kwanza kutoka Bonde la Ufa, kisha kutoka Laikipia, wakasukumwa kusini. Kwa hiyo anapoona ekari zinapimwa na kuuzwa moja baada ya nyingine, hofu yake si roho mbaya. Ranchi za pamoja zilipogawanywa, kuna familia ambazo baba aliuza na watoto wakabaki bila kitu. Watoto hao ndio wanaokuja miaka ishirini baadaye kuuliza, “Nani alikuuzia?” Anayenunua kwa mtu mmoja kwa siri amejinunulia ugomvi na ukoo mzima.

MDOGO: Mimi sitanunua kwa siri. Nitanunua penye hati.

MWALIMU: Hati ni mwanzo tu wa maswali. Waliotolewa katika msitu wa Maasai Mau mwaka 2018 na tena 2019, wengi walikuwa na hati mikononi. Serikali ilisema ranchi zilipogawanywa zilivuka mipaka yake zikaingia msituni, kwa hiyo hati zile zilikaa juu ya ardhi ambayo muuzaji hakuwa nayo. Na Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilisema waziwazi kwamba kuonyesha hati hakutoshi. Mwenye hati lazima aweze kuonyesha kwamba tangu mwanzo ilitolewa kihalali. Kwa hiyo usifanye sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi ukaridhika. Uliza shamba lilitoka ranchi gani, ramani ya mpimaji inasema nini, na jirani wa kila upande anaitwa nani.

MKE: Na bodi ya ardhi?

MWALIMU: Vizuri umeuliza. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, kwa sheria ya 1967. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Kibali kisipopatikana, mauzo hayo ni batili, na mnunuzi anabaki kudai pesa zake kama deni la kawaida. Wangapi mnawajua walionunua kwa karatasi ya daftari, wakaishi juu ya shamba miaka, kisha mwuzaji akafa?

MKE: Basi nami niweke sharti langu. Ninaulizwa kila siku kama nipo tayari kuhama, na hakuna aliyeuliza jina langu litakuwa wapi. Mkitaka niache chama changu cha akina mama, kliniki ninayoijua, na basari ya wadi inayotaka barua ya chifu anayetufahamu, basi hati ya huko isomeke majina mawili. Nikihamia ugenini nikiwa mgeni wa mume wangu pia, huo si mwanzo mpya.

DADA: Mke wa kaka amefungua mlango, acheni niingie. Mmehesabu ekari sita kwa wana watatu. Mimi ni mtoto wa nani?

MKUBWA: Dada, wewe umeolewa.

DADA: Nimeolewa, sijafutwa. Mwalimu, sema sheria.

MWALIMU: Sheria ya Urithi haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Na kabla hatujafika kwa watoto, kuna mama. Mume akifa bila wosia akaacha mke mmoja na watoto, mjane ana haki ya kulitumia shamba hilo maisha yake yote. Sasa niulize kitu ambacho kingeulizwa kwanza. Hati ya ekari hizi sita iko kwa jina la nani?

MAMA: La marehemu.

MWALIMU: Mmekwenda mahakamani kufungua mirathi?

MKUBWA: Bado. Tuligawa wenyewe, wazee wakapanda miti ya mpaka.

MWALIMU: Basi hakuna anayeweza kuuza hata ekari moja leo. Mpaka mirathi ifunguliwe na kuthibitishwa, shamba ni la marehemu mbele ya sheria, na anayeliuza anaingilia mali ya marehemu, jambo ambalo ni kosa. Tumekaa jioni nzima tukibishana kama mdogo auze, na hana cha kuuza.

MDOGO: Kumbe hata kaka hana.

MKUBWA: Kumbe.

MAMA: Mimi nimekuwa nikingoja mtu aulize.

MKUBWA: Basi na mimi niseme lililobaki, mdogo wangu, bila hasira. Unataka kuhama pia kwa sababu ya deni. Una mkopo wa chama, una wa simu wa Fuliza, una wa duka la mbolea.

MDOGO: Nayo ni kweli. Nikipita sokoni ninachagua njia. Hilo nalo ni la kusema mtu akitaka kuanza upya: anataka mahali ambapo hatazamwi.

MWALIMU: Ninaelewa. Ila deni la siku hizi halina kaunti. Limeandikwa kwenye nambari ya simu na kitambulisho, nalo litafika Kilgoris, huko Trans Mara, kabla ya godoro lako. Deni la duka ndilo tu litabaki hapa, na huyo mwenye duka ndiye aliyekuamini. Ukilipa ukiwa hapa, au ukaandikiana naye ratiba, utahama ukiwa mtu huru. Ukiuza shamba ili ulipe, utakuwa umehamisha umaskini tu.

DADA: Na msidhani ni wanaohamia mashamba peke yao. Kule Uasin Gishu wazazi waliuza ardhi na ng'ombe ili watoto waende Finland na Kanada kwa mpango wa masomo uliopitia kaunti yao. Mpango ukavunjika, watoto wengine hawakuondoka na pesa hazikurudi. Ndoto haikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba walianza kwa kuuza kile ambacho hakirudi.

MDOGO: Basi niambieni mtu asiyeuza anahamaje.

MAMA: Kama wafugaji walivyofanya siku zote. Mtu alitangulia, akaona malisho na majirani, ndipo ng'ombe wakafuata. Hakuna aliyechoma boma la nyuma kabla hajaona la mbele.

MKE: Tunaweza kukodi. Kuna watu wa soko letu wanaokodi mashamba Trans Mara kwa msimu, wanalima, wanarudi. Baba watoto atangulie, alime, alale huko. Mimi nibaki na ng'ombe na shule mpaka mwaka uishe. Kisha tutajua kama mvua ni ya kweli, kama barabara inapitika mwezi wa Aprili, na kama jirani akiugua ataniita.

MDOGO: Kukodi ni kumlimia mtu shamba lake.

MKUBWA: Na kununua vibaya ni kumlimia mtu shamba lake kwa pesa zako zote. Mimi nilikuja hapa kukuzuia. Sasa nasema hivi: kodi, na mbegu ya msimu wa kwanza nitakusaidia. Sehemu yako hapa nitaitunza, sitapanda mti wa mpaka hata hatua moja ndani yake.

MDOGO: Utaandika hivyo?

MKUBWA: Mwalimu ataandika, mama ataweka kidole.

*

Kikao kimekwisha, na mwandishi ana deni la kutoa uamuzi wake.

Upande wa kuhama umeshinda jambo moja kubwa: hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba kubaki ni wajibu. Siongiroi yenyewe ni matokeo ya kuhama, na ekari sita zikigawanywa mara mbili zaidi hazitalisha mtu hata mvua ikinyesha kwa ahadi. Katiba iko upande wa mhamaji. Anayemwita msaliti wa mababu hajui mababu walitoka wapi.

Upande wa kubaki nao umeshinda jambo kubwa: hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba mpaka wa kaunti hubadilisha udongo, virusi vya mahindi, deni la simu au tabia ya mtu. Mwanzo mpya haumo kwenye ramani. Na historia ya Mau na ya vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 inatosha kumfundisha mnunuzi kwamba ardhi ya bei rahisi mara nyingi ina mgogoro ambao mwuzaji hakuutaja.

Lakini sauti zilizoamua kikao hiki hazikuwa za ndugu wawili waliokuwa wakishindana. Ni mama, dada na mke, watu watatu ambao kwa desturi huitwa baada ya uamuzi kufanywa. Kila mmoja wao alikuwa na haki juu ya shamba lile, na ndugu wale wangeuza bila kujua kwamba wanauza cha wengine. Kesi nyingi za ardhi zinazojaza mahakama zetu zilianza hivyo, kwa wanaume wawili waliokubaliana.

Uamuzi wangu basi ni wa mpangilio. Kuhama, hama. Ila fungua mirathi kwanza, kila mrithi aandikwe, wa kike na wa kiume. Panga madeni yako ukiwa bado unatazamana na unaowadai na wanaokudai. Kodi kabla ya kununua, kwa mkataba wa maandishi, na uishi huko masika na kiangazi. Ukitaka kununua, keti na ukoo wa mwuzaji pamoja na mkewe, fuata historia ya hati mpaka kwenye ranchi iliyoizaa, pita bodi ya ardhi, na hati iandikwe majina ya mume na mke. Ile sehemu ya nyumbani iwe ya mwisho kabisa kuguswa, au isiguswe.

Msomaji mwenye shamba Chepalungu, Bureti au kwingineko, fanya jambo moja wiki hii kabla ya kuzungumzia kuhama au kubaki. Itoe hati mahali ilipofichwa, usome jina lililoandikwa juu yake. Kama ni la marehemu, safari yako ya kwanza si Trans Mara. Ni mahakamani.